Mkwe Mikokoni

Pangani, Jumamosi, 1956

Mbu wa mtoni hawana adabu. Mkwe wangu Salehe anayo, tena imepita kiasi.

Nilijitolea mwenyewe kuwagawia madafu wapiga makasia wa mashindano, waliotoka juu ya mto tangu alfajiri. Wa kwanza kutokea ni Salehe, mume wa binti yangu. Nikapiga vigelegele! Kuniona tu, naye yu kifua wazi, akaona haya kupita mbele ya mama mkwe, akauchomeka mtumbwi mikokoni. Wenzake wakampita.

"Pita, mwanangu! Nimefumba macho!"

"Shikamoo, mama," ikajibu mikoko. Mtu hakutoka.

Mbuzi wa zawadi kaenda kwa watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, na binti yangu kaninunia.

Wala sikufumba. Nani afumbe macho mkwewe akiwa wa kwanza?