Shangazi Taa Anarudi Jumamosi

Baba yangu uliye Muscat,

Hina haijanitoka mikononi. Nimeolewa, hilo unalijua, na nampenda Twalib wangu hata nikisikia tu ufunguo wake mlangoni natabasamu peke yangu jikoni. Lakini nina habari nyingine: Shangazi Taa anarudi Jumamosi hii. Wametangaza.

Unamkumbuka? Yule rubani mwenye mvi na taa ya kijani, aliyekuja mara moja tu kwenye tamthilia yetu ya vyombo vya angani. Tulikuwa ndio kwanza tumehamia Hounslow kutoka Unguja, mimi sijui Kiingereza hata cha kuombea maji. Ukitoka kupakia mizigo uwanja wa ndege, unakaa kwenye kochi upande wa dirisha, mimi ubavuni, unanitafsiria kila neno. Nahodha ulimwita Bwana Pua. Mama akipita na sinia anatutania: "Hayo majini yenu mbona hayaswali?"

"Yako safarini, mke wangu. Yanapunguza swala."

Shangazi Taa alipokuwa anaondoka peke yake kwenda gizani, msichana mdogo alimlilia asiende. Ukaninong'oneza jibu lake: "Nitarudi, mwanangu, we ningoje tu." Nililia mpaka ukanifuta machozi kwa kanzu yako.

Maneno hayohayo uliniambia ulipokwenda Muscat kikazi. Nikangoja. Tukasikia umeoa huko, nikangoja. Nilipochumbiwa ukasema, "Nitakuozesha mwenyewe, kwa mkono wangu." Siku ya ndoa wanaume wameshakaa msikitini, sisi wanawake tuko ghorofani humohumo, nimevaa, nimefukizwa udi, nachungulia ngazi. Ikaingia simu. Sauti yako ikatoka kwenye spika, unampa Ami Saidi, nduguyo, uwakala aniozeshe kwa niaba yako. Ndoa imesihi, Baba, hakuna aliyesema haikusihi. Ila wali wangu wa kuniozesha alikuwa simu iliyowekwa juu ya zulia.

Juzi nikamwekea Twalib kile kipindi cha zamani, sijakitazama tangu utotoni. Ilipofika pale, nikamtangulia kusema maneno ya Shangazi Taa. Akanigeukia.

"Habibti, mbona hajasema hivyo?"

"Kasemaje?"

"Kasema asimngoje."

Akarudisha nyuma. Kweli. Hakusema atarudi. Alimwambia mtoto wa watu ukweli, usoni.

"Baba mkwe katia tui lake!" Twalib akacheka, kisha akaniona uso. Akazima televisheni, akanikumbatia, na hapo nikajua nimeolewa na nani.

Sikulaumu kwa kunitungia. Nilikuwa mtoto, ulitaka nilale. Kinachonichoma ni kwamba yule hakumwahidi mtu, na anarudi. Aliyeahidi ni wewe.

Jumamosi nitapika mkate wa kumimina. Kochi la Mama tumepewa sisi, na mpaka juzi Twalib alikuwa hakalii upande wa dirisha. "Si pa baba yako hapa?" ananiuliza. Nimemwambia akae.

Nawe siku ukija, Baba, piga hodi. Tutakufungulia. Utapewa chai, utawekewa mto mgongoni, na nitakuuliza unaondoka lini, kama ninavyomuuliza mgeni yeyote.

Ni mimi, mwanao,
mke wa Twalib