Historia ya Sembere, na Jicho la Musafiri

Jumatatu, 7 Oktoba

Sijamwambia mtu yeyote hili: kwa miaka minne naandika historia ya nchi isiyokuwepo. Inaitwa Sembere. Ina ramani, wafalme, sheria na vita. Vita hasa, kati ya watu wa Mlima na watu wa Mto. Darasani siwezi kunyoosha kidole bila jasho kunitoka, lakini kwenye daftari naangusha majeshi mazima. Na napenda. Hilo pia sijamwambia mtu.

Anayejua ni Idi tu, mdogo wangu wa miaka kumi, aniitaye Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Jioni nikitwanga sombe, majani ya muhogo, hukaa kando ya kinu. Leo nimemsimulia jinsi watu wa Mlima walivyowazika mateka wa Mto wakiwa wamesimama, kwenye kivuko, ili kila avukaye akanyage vichwa. Aliacha kutafuna muhogo.

"Yaya, walikuwa wazima?"

Nikasema ndiyo. Sombe ikaungua kwa sababu yangu. Mama amenigombeza.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimewaona nyuma ya matanuru ya matofali. Wavulana wa mtaa wamegawanyika. Idi ni Kalonda, mfalme wa Mlima. Mfalme wa Mto, Mwanasele, ni Musafiri, mtoto wa wapangaji wetu wa jirani waliokimbia vita Kabambare. Baba yake yuko Salamabila, anachimba dhahabu. Watoto wote waliokimbia wamewekwa upande wa Mto, kwa sababu Mto hushindwa. Hilo si langu. Wamelipanga wenyewe.

Manati, fimbo, vipande vya matofali.

"Mto umekauka!" Idi alipiga kelele.

"Kuja unywe, utaona kama umekauka!"

Mmoja alipasuka mdomo. Ningeweza kuwazuia. Nilisimama nyuma ya tanuru nikisikia majina niliyoyatunga yakitoka vinywani mwa watu. Niliona fahari. Aibu imekuja sasa, ninapoandika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemsimulia Idi sura ya Chale. Kalonda na Mwanasele wamechoka kuua. Wanachanjana kifuani ili wawe ndugu, kila mmoja anakula karanga iliyochovywa katika damu ya mwenzake. Mtu wa tatu anasimama juu yao akigonga visu viwili na kuwasemea: ukimficha chakula, tumbo livimbe. Ukimficha adui, macho yazibe. Ukimpiga, mkono ukauke.

Maneno hayo si yangu. Ni ya bibi. Aliyasikia kwa babu yake, aliyechanjana na mtu wa mto kule Nyangwe. Nilijaribu kutunga yangu yakawa mepesi. Nikayanakili yote, bila kubadili neno.

Idi amenitaka niyarudie mpaka ameyashika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamefanya. Wembe wa kweli, karanga za kweli. Mvulana wa tatu amegonga visu vya jikoni kwao na kuyasema maneno yote. Idi amerudi na shati lenye damu, anacheka. Nimelifua kabla mama hajatoka sokoni.

Ameuliza nini kinafuata.

Ningeweza kusema amani. Lakini imekwisha kuandikwa: Kalonda anamvizia nduguye anapoinama kunywa, anamkata usoni. Niliona kubadili ni kudanganya. Nikamwambia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Idi amempiga Musafiri kwa kipande cha tofali. Musafiri alikuwa ameinama bombani, anakunywa. Jicho la kushoto. Damu ilijaa viganja vyote viwili vya mama yake.

Wajomba wa Musafiri walikuja na mapanga. Binamu zangu wakatoka na yao. Mama yake Musafiri alisimama katikati: "Tulikimbia vita kwetu, mbona inatufuata mpaka hapa?" Binamu yangu mkubwa akamjibu, "Basi murudi kwenu!" Mjomba mmoja akamkata binamu begani. Si sana. Mfupa haukuonekana.

Ndipo Musafiri, kitambaa usoni, akalia: "Ni ndugu yangu! Tulichanjana!"

Mapanga yalishuka. Bibi alikaa chini, palepale kwenye matope.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkono wa kulia wa Idi haufunguki. Hawezi kushika bugali. Muuguzi ameubonyeza, anasema hauna kitu. Idi anasema unakauka kuanzia vidole.

Bibi amemuuliza, "Mutu gani alikufunza ile maneno?"

Hakunitaja. Hakunitazama hata. Amenificha kama askari.

Mimi nimekaa kimya. Mwoga.

Jumatano, 16 Oktoba

Sasa wanasema ni wajomba wa Musafiri waliowafundisha watoto. Eti watu wa porini, wana dawa. Mchana vijana wameipiga mawe nyumba yao. Bati limetoboka juu ya kitanda alicholalia Musafiri. Baba yangu amewapa mpaka Ijumaa wahame. Hawana pa kwenda, na jicho bado linasafishwa kila siku hapa Kasongo.

Idi hajala siku mbili.

Maneno yalitoka kwangu. Ningekuwa ninaandika juu ya mtu kama mimi, ningemuua katika sura ya kwanza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baada ya shule nimechukua daftari. Nimemwomba baba na bibi waje kwa kina Musafiri. Sauti haikutoka vizuri. Nimesoma sura ya Chale, mbele ya wajomba, mbele ya wote. Kisha sura ya kuvunjwa kwake.

Baba amenipiga kofi mbele ya watu. Bibi amesema, "Nilikupa maneno ya babu yangu, ukawapa watoto wachezee." Hilo limeuma zaidi. Baba amewaambia wajomba wakae, asiwasikie tena wakizungumza habari ya kuhama. Hakuomba radhi. Nimeomba mimi.

Nimemleta Idi. Musafiri alikuwa amelala, bandeji upande mmoja. Aliniuliza mimi, si yeye.

"Yaya, hiyo Sembere iko upande gani?"

"Haiko. Niliitunga."

"Hakuna hata kidogo?"

"Hakuna."

Akagusa bandeji. "Basi jicho yangu imekwenda bure."

Mama yake alileta bugali na samaki. Idi aliutazama mkono wake. Musafiri alimega tonge, akamwangalia kwa jicho moja, akamwambia, "Fungua kinywa, mujinga." Idi akafungua. Alilia huku anatafuna.

Niliosha sahani. Nilifua bandeji za jana, nikazianika. Niliokota mawe yaliyokuwa yamebaki kando ya kitanda na chini yake, nikayatoa nje kwa karai. Kisha nikaenda nyumbani na Idi.