Kwa Mwalimu Aliyeniambia Bado

Mwalimu wangu mpendwa Bi. Pereira,

Lina, yule mpwa wako, ameniandikia kutoka Goa kwamba umefariki. Anasema ulikwenda kwa amani, umeshika rozari. Nimeshukuru kwa ajili yako, na papo hapo nimekasirika, kwa sababu kuna maneno niliyokuwa nikikuwekea tangu ujana wangu, na sasa sina wa kumwambia. Nitayasema hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulialikwa chuoni kwetu, kule magharibi mwa Nairobi, upige piano siku ya wazazi. Mimi nilikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Machakos, nikisomea ualimu. Watu walipokwenda kula, niliketi kwenye piano nikaanza kuutafuta kwa mkono wa kulia ule wimbo uliotoka kuupiga. Ukarudi kuchukua mkoba wako, ukanikuta. Nilisimama nikingoja kugombezwa.

“Mkono ingine iko wapi?” uliuliza.

Nikautazama mkono wangu wa kushoto.

“Njoo kwangu Parklands Jumamosi. Tutaitafuta.”

Basi nikaja. Ilikuwa miaka ile serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na wenzangu Wakikuyu hawakuweza hata kukanyaga mjini bila pasi. Mimi niliruhusiwa kwa kuwa Mkamba, lakini askari walinisimamisha njiani kila mara. Siku moja niliwaambia nakwenda kujifunza piano, na mmoja wao akacheka hadi akashika tumbo. Nilipofika kwako, jirani yako akanitazama kutoka barazani kwake akakuuliza kama umepata yaya mpya. “Huyu mwanafunzi yangu,” ulimjibu, ukafunga mlango kwa kishindo. Nilipokuita memsahibu, ulinikatiza: “Memsahibu iko Hurlingham, kwa Wazungu. Mimi mwalimu.” Siku hiyo nilikupenda, Mwalimu. Nataka ulijue hilo kabla sijafika kwenye ugomvi wetu.

Ulinifundisha kuukunja mkono kana kwamba nimeshika yai. Ulinipigisha ngazi za sauti, kupanda na kushuka, hadi zikaniingia usingizini. Chuoni sikuruhusiwa kuigusa piano ila kwa ibada, kwa hiyo nilifanya mazoezi pembeni mwa meza ya bweni, vidole vikigonga mbao, wasichana wakinizomea. Mwisho wa mwaka nikakuuliza kuhusu ule mtihani wa muziki, ambao mtahini wake alitoka Uingereza kuja kuwasikiliza wanafunzi pale mjini. Nilijua wanafunzi wako wengine wanauandaa.

Hukunitazama. Ulikuwa ukipanga karatasi zako. “Bado,” ulisema. “Mkono yako iko nzito.”

Nikaenda kuupunguza uzito wa mkono. Mwaka uliofuata nikauliza tena. “Bado, Mwende. Wewe iko na haraka sana.” Mwaka huo huo Lina, aliyeanza nyuma yangu, aliyekuwa akilia machozi kwa ngazi nilizokuwa nikizipiga nimefumba macho, aliufanya mtihani na kushinda. Ulikitundika cheti chake ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria. Kila Jumamosi nilipiga piano nikikitazama. Ulitaka nijisikieje?

Kaka yangu Mutua alikuwa mpishi wa Mzungu huko Hurlingham, nami nilipita kwake kula kabla ya kurudi chuoni. Alinionea huruma mwanzoni, kisha huruma ikamwishia. “Kama mwalimu mwenyewe anakwambia hujui, unang'ang'ania nini?” aliniuliza. “Na hiyo piano utaiweka wapi, kwenye chumba changu cha boi?” Nilimkasirikia, lakini usiku nilivitazama vidole vyangu nikaona amesema kweli. Niliamini kwamba kuna kitu wenzangu wamezaliwa nacho, nami nimenyimwa.

Mwaka wa mwisho sikukuuliza. Nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda mwenyewe mjini, kwenye ofisi iliyoandikisha watahiniwa. Mama wa Kizungu mezani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mwalimu wangu ni nani. Nikamtajia.

“Hapa hatuandikishi Waafrika,” alisema. “Na mwalimu wako anajua vizuri sana. Kila mwaka anakuja kunisumbua kwa ajili yako. Mwaka jana alisema unawapita wanafunzi wake wote. Nilimjibu vile vile ninavyokujibu wewe.”

Sijui nilivyofika Parklands. Najua tu kwamba nilifika, nawe ulikuwa jikoni, mikono ina unga.

“Ulikwenda kuniombea?” nilikuuliza.

Ulijua mara moja. Uliifuta mikono kwenye aproni, polepole.

“Mimi ningesema nini? Kwamba mlango imefungwa? Ungeacha. Wewe usiache, Mwende. Ile mimi nilitaka.”

“Lakini uliniambia sijui!”

“Nilisema bado.”

“Mwalimu, nimeamini kwamba mkono wangu ni mbaya!”

Ukaelekeza kidevu upande wa piano. “Kaa. Piga.” Nikatoka. Hukuniita. Kabla hasira yangu haijapoa nilimaliza chuo, nikapelekwa kufundisha Kitui, na niliporudi Nairobi likizoni nilikuta nyumba yako ina wapangaji wengine.

Mwalimu, Wazungu wale nimewaelewa. Walinifungia mlango waziwazi, nikawachukia waziwazi, na yakaisha. Ya kwako ndiyo yaliyokataa kuisha. Ulinipigania kwa siri na ukaniumiza mbele ya macho yangu. Laiti ungeniambia, “Unajua, ila hawakutaki,” ningelia, ningetukana, na kesho yake ningerudi kupiga nikijua mimi ni nani. Badala yake, hata leo watu wakinipigia makofi kanisani, nageuka kuangalia kama kuna aliyesikia makosa. Wajukuu wangu hudhani ni unyenyekevu.

Kuna jambo moja hukulijua. Baada ya uhuru mtihani ule ulifunguliwa kwa wote. Wakati huo nilikuwa na watoto wanne na mvi mbili tatu. Nilijiandikisha. Nilikaa kwenye benchi pamoja na watoto waliokuwa wakining'iniza miguu, mama zao wakidhani nami nimemleta mtoto. Jina langu lilipoitwa nikaingia, nikapiga, mikono yote miwili. Sikukosea.

Mtahini, mzee mpole, alinishukuru, akashika kalamu, akataka jina la mwalimu wangu. Nilikuwa na hasira nawe bado, Mwalimu. Nilikuwa nayo pale pale kitini. Nikakutaja. Akakosea kuliandika, nikamwomba alifute aanze upya, na safari hii nikamtajia herufi moja moja, nimesimama nyuma ya bega lake hadi nilipoliona limekaa sawa.

Lala salama, Mwalimu.

Mimi mwanafunzi wako wa Jumamosi,
Mwende