Hesabu ya Wavukaji

Bariadi, Simiyu

Kaka yangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za vuli. Sikuwa mgonjwa, niliona haya. Wewe uliyenilea unajua kwamba sipendi kusimulia jambo ambalo sijalimaliza, hasa likiwa kosa langu mwenyewe. Kwanza nijulishe hali ya mgongo wako. Baridi ya Ludewa isikuzoeshe kukaa jikoni, tembea. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanadai miwani mipya.

Nilikwisha kukueleza kwamba barabara ya mtaani kwetu imetiwa lami. Tangu hapo magari na pikipiki hupita kwa kasi, na kuvuka kumekuwa jambo la kumwomba Mungu. Wakazi tuliunda kamati ya kupanga usalama wa waenda kwa miguu, nami nikachaguliwa kuwa katibu. Ofisi ya barabara ilikubali kuchora kivuko kimoja na kujenga matuta, mradi sisi wenyewe tuonyeshe mahali watu wanapovuka kwa wingi.

Nikasema tuhesabu. Nilichukua daftari na kiti, nikaketi mbele ya lango la shule niliyofundisha hadi kustaafu. Mwenyekiti wa mtaa aliketi upande wa chini, mbele ya mashine ya kusaga. Kaka, siku hiyo nilifurahi. Watu walikuja kuvukia kwangu mmoja baada ya mwingine, wakitazama kulia na kushoto, na kila mmoja akiinama kidogo kunisalimu: “Mwangaluka, mayu!” Ndivyo Wasukuma wanavyomwamkia mama asubuhi. Waendesha pikipiki walizikokota pikipiki zao. Kwa mwenyekiti hakupita mtu, akasinzia. Jioni niliandika barua kuomba kivuko kiwe langoni pa shule, na ofisi ikakubali.

Kabla rangi haijapakwa, jirani yangu Ng'washi, ambaye tangu mume wangu afariki ndiye anayenichotea maji, aligongwa na pikipiki mbele ya mashine ya kusaga, ndoo ya unga ikiwa kichwani. Mguu ulivunjika. Nilimkuta wodini, na badala ya kumpa pole nikamgombeza.

“Kwa nini hukuvukia langoni, wanakovukia watu wote?”

“Watu gani, mayu?”

“Wale niliowahesabu.”

Akacheka, ingawa alikuwa na maumivu. “Mayu, tulipita pale kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale! Mashine iko upande huu, kisima kiko upande ule. Sisi huvukia mashineni siku zote. Tulipokuona na daftari, tukaambiana, leo Mwalimu anaandika majina ya wanaovuka vibaya. Halafu mtu atapitaje kule chini bila kuja kukuamkia?”

Dada yake akadakia, “Mume wangu alivuka mara tatu. Alidhani ni orodha ya mahindi ya msaada!”

Wodi nzima ikacheka. Mimi sikuweza. Njiani nilijiuliza ni mara ngapi darasani watoto walinijibu “tumeelewa, Mwalimu” kwa sababu tu nilikuwa nimesimama mbele yao.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo.

“Mwalimu, barua imekwisha kugongwa muhuri,” alisema. “Tukirudi kule watasema hatujui tunachotaka, na kivuko wataupa mtaa mwingine. Tushike hiki.”

“Cha langoni kitamvusha nani?”

“Na aibu?”

“Aibu ni yangu. Nitaibeba mwenyewe.”

Katika mkutano wa mtaa nilisimama nikasema kwamba hesabu yangu haikuwa sahihi na kwamba inafaa ifanywe upya. Kisha mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: “Ifanywe, lakini safari hii Mwalimu akae ndani!” Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na uamuzi ukapita hivyo hivyo.

Basi nilishinda nyumbani nyuma ya pazia kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Akina mama hawakushika daftari wala kalamu. Waliketi mashineni na langoni wakipeta choroko zao, na kila alipovuka mtu walitupa punje moja bakulini. Jioni waliniletea mabakuli mawili. La mashineni lilijaa hadi ukingoni. La langoni punje hazikufunika hata kitako. Nilizihesabu mara mbili, nikaandika barua ya pili, nikakiri kosa kwa jina langu.

Mhandisi alikuja wiki iliyopita. Alisimama mbele ya mashine kwa muda mrefu akiwatazama watu, lakini hakuahidi kitu. Kazi imekwisha kupangiwa langoni, na wakubwa wake wanaweza kuihamisha, kuiacha ilivyo, au kuiahirisha kabisa. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha, kwa maana wavunaji wako mashambani na malori ya pamba yameanza kupita. Ng'washi anatembea kwa gongo, na kisima hakijahama. Asubuhi mimi humvusha, nikiinua fimbo. Madereva husimama, wengine kwa kuwa niliwafundisha. Lakini siwezi kusimama pale kutwa, na mtaa mzima hauwezi kutegemea fimbo ya bibi kizee.

Nisalimie shemeji yangu, mama wa nyumba hiyo. Nisalimie pia shangazi yetu aliyebaki peke yake kule bondeni. Na mwanao katekista, umwambie aniombee subira, maana nimepungukiwa.

Wakubwa wa mhandisi wanakutana mwezi huu. Wakikihamisha kivuko au wakitunyima, nitakuandikia siku nitakayopata jibu, na sitakuficha neno.

Mimi mdogo wako,
Mwalimu