Kwa Mama, Aliyetusimulia Katuni za Kijapani

Kibeta, Jumapili baada ya ibada

Mama,

Gauni la yule msichana ni jekundu. Miaka yote hii nilidhani ni la kijivu. Nimemwona wiki iliyopita kwenye simu ya mjukuu wako Kemi, nikiwa nimekaa hapa barazani, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Gauni lake ni jekundu!" Akanitazama tu, akarudi ndani kwake.

Wewe ungenielewa. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana ulikuwa hupendi nianze hadithi katikati. "Koku, pita mlangoni, usiingilie dirishani." Haya, napita mlangoni.

Unamkumbuka Mwalimu Hiro, yule kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati sekondari, akapanga chumba kwa jirani yetu pale Nshamba. Kila jioni alikuja kwetu na daftari, wewe ukimfundisha Kiswahili, naye akimaliza sahani ya ndizi na maharage. Akishiba alisema, "Mama Koku, imetosha tamu sana." Ukacheka, hukumsahihisha hata siku moja. Ulisema sentensi nzuri namna hiyo haifai kuharibiwa.

Mama yake alikuwa anamrekodia katuni kutoka kwenye televisheni ya kwao na kumtumia kwa posta, asisahau nyumbani. Mkataba wake ulipoisha alikuachia kanda moja, akakusimulia sehemu ya kwanza kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza. "Watoto watapenda," alisema. Hayo mengine yote uliyatunga mwenyewe, Mama. Hukujua neno hata moja la Kijapani.

Usharika ulikuwa umepewa televisheni, deki na jenereta ili watu waonyeshwe mafundisho kuhusu UKIMWI, ule ugonjwa ambao wengine waliuita Juliana na wengine hawakutaka kuuita jina lolote. Watu wazima walikuja mara mbili, wakaacha. Wewe ukamwomba funguo mzee wa kanisa aliyekuwa anavitunza, na Jumamosi mchana tukawa tunaziba madirisha ya chumba cha shule ya Jumapili kwa mablanketi, watoto arobaini tumekaa chini, tunanukia moshi wa kuni na maganda ya kahawa.

Picha ilikuja bila rangi, tena ikipanda juu kama maziwa yanayochemka. Fundi wa Bukoba alikwambia kanda za Japani na deki zetu hazielewani, mitambo yao ni tofauti. Ukasema basi, tutaangalia hivyo hivyo. Ulipiga ubavu wa televisheni kwa kiganja, picha ikatulia, ukasimama pembeni na fimbo yako ya ubaoni, ukaanza.

Msichana ni binti wa mfinyanzi. Ukamwita Kengonzi ili tuweze kumwita. Alikuwa na farasi mzee wa kubeba vyungu, na kwa kuwa hatukuwahi kuona farasi, ulituambia ni binamu wa punda aliyesoma sana. Ulimpa mfinyanzi sauti nzito, msichana sauti yake, hata farasi ukampa maneno ya Kihaya, na hayo maneno siwezi kuyaandika hapa kwa sababu Kemi anasoma nyuma ya bega langu. Katikati kulikuwa na tangazo la tambi, watu wanakula kwa vijiti huku wanacheka. Hukujua kuwa ni tangazo. Ukasema, "Na sasa wanakula, maana safari ni ndefu." Kila sehemu ilikuwa na tambi, na kila mara walikula, na sisi tulimeza mate.

Siku moja ulisimamisha fimbo hewani. "Angalieni hawa watu," ulisema. "Mdomo unakwenda, mwili umetulia. Wamebania karatasi." Tulicheka. Lakini uliiona sawasawa, nitakuja kukueleza.

Sasa ile Jumamosi. Unajua ni ipi.

Sehemu ya nne, mfinyanzi analala na hainuki. Msichana anakaa karibu yake. Theluji inaanguka, na kwetu theluji ilikuwa ni michirizi tu ya kanda mbovu. Ukanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa mstari wa mbele. Nikajua unatafuta la kusema. Chumba kizima tulikuwa tunasubiri, na katika sisi arobaini sijui kama walifika kumi ambao nyumbani kwao baba na mama wote walikuwa hai. Baba yangu mwenyewe alirudi kutoka vitani mzima, akaja kufa kitandani miaka michache baadaye, amekonda kama kijiti cha mhogo, na watu walituambia amerogwa.

Ukasema taratibu, "Baba yake amekufa."

Jeska akainua mkono. Unamkumbuka Jeska, mtoto wa miaka sita aliyelelewa na bibi yake, baba yake alikuwa mvuvi huko visiwani, akafia huko na kuzikwa huko huko, naye akaambiwa amesafiri. Akauliza, "Mwalimu, mbona hukusema amesafiri?"

Hakuna aliyecheka. Ulishuka ukachuchumaa mbele yake, jenereta linanguruma nje, na nyuma yako picha imeanza kupanda tena bila mtu wa kuipiga. Ukamwambia, "Kwa sababu aliyesafiri unamsubiri barabarani kila siku, mwanangu. Huyu hatarudi. Lakini tazama, kesho yake binti anaamka na kuwasha tanuri."

Jeska akalia. Halafu na mwingine, halafu karibu chumba chote, hata wavulana wakubwa waliokuwa wanajifanya wanafuta vumbi machoni. Hukutunyamazisha. Ulikaa chini katikati yetu mpaka tukamaliza kulia.

Mzee wa kanisa alikuja kesho yake baada ya ibada, amekasirika. "Mwalimu, katuni ni za kuwachekesha watoto. Wewe unawaliza?" Nilikuwa nimesimama mlangoni na nikasikia ulivyomjibu kwa adabu, "Walikuwa wanalia siku zote, mzee wangu. Ila kila mmoja peke yake." Aligeuza kofia mikononi. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe kuwasha jenereta, akabaki kusikiliza.

Na wiki hiyo hiyo, tukitoka kuchuma kahawa, ukaniambia. Hukuzunguka. "Koku, na mimi naumwa. Ni ule ule wa baba yako." Ukanipa kikapu nikibebe, ukanishika mkono, tukaenda nyumbani. Mama, nilikuwa nataka kukwambia hili kwa miaka mingi: nilikuchukia siku tatu. Siku ya nne nikaona unaninunulia daftari la mitindo ya kushona, unanifundisha kupima mikono ya blauzi kama vile tuna miaka ishirini mbele yetu, nikaona ni afadhali nijifunze.

Ulisimulia mpaka karibu na mwisho wako. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, sauti imekuwa nyembamba, mimi nimeshika kikombe cha maji. Kanda yenyewe iliisha hadithi ikiwa haijaisha: msichana yuko barabarani na farasi na vyungu, halafu tambi, halafu giza. Watoto walikuuliza itakuwaje. Ukasema hujui, na kwamba atakayejua akwambie.

Basi sasa najua. Nakwambia.

Ulipoondoka, shangazi alinichukua nikaja kuishi naye huku Kibeta, na ufundi wa kushona ndio ulionisomesha. Baadaye televisheni zikafika hata nyumba za kawaida, na humo ndani zikawemo katuni za Kijapani zinazoongea Kiingereza, watu wa macho makubwa wanaruka na kupigana, na watoto wa mtaa mzima wakirusha mateke. Mimi nilikuwa nasimama na pini mdomoni nikitafuta farasi wangu. Sikumwona.

Nilimwandikia Mwalimu Hiro kumpa taarifa ya msiba wako. Alijibu, na tuliandikiana miaka mingi. Ndiye aliyenieleza, kwa hiyo sikiliza: ulisema kweli kuhusu karatasi. Aliandika kuwa baada ya vita yao miji ilikuwa majivu, na waliotaka kuchora picha zinazotembea walikuwa na vipaji vingi kuliko karatasi. Televisheni ilipoingia ikataka hadithi mpya kila wiki, na hakuna mikono iliyotosha. Wakaamua kuchora michoro michache: acha mwili utulie, sogeza mdomo, sogeza jicho, na mahali pa kulia weka mchoro mmoja mzuri uutazame kwa muda mrefu. Uhaba ndio uliowafundisha namna yao, na namna hiyo dunia nzima ikaja kuipenda. Wewe uliiona kutoka Nshamba, kwenye picha inayopandapanda.

Alinieleza pia jinsi walivyokuwa wanapaka rangi kwa mkono upande wa nyuma wa karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, maelfu kwa maelfu, kwa sehemu moja tu ya hadithi. Halafu zikaja kanda za video, wakaanza kutengeneza hadithi za kuuzwa moja kwa moja madukani, nyingine za watu wazima kabisa. Halafu kompyuta. Zile plastiki nyingi zikatupwa. Wachoraji bado wanafanya kazi mpaka vidole vinakufa ganzi, alisema, na wengi wao ni vijana. Siku hizi kitu kinachoonyeshwa kwao leo, Kemi anakiona leo leo akiwa amelala kwenye kochi langu. Barua za Hiro ziliacha kuja. Sijui yuko wapi. Namwombea.

Kemi ndiye aliyeipata katuni yetu. Nilimsimulia mara mia, binti wa mfinyanzi, farasi mzee, theluji, akawa anawauliza watu wa mbali kwenye simu yake miezi na miezi. Siku moja mtu wa Brazili, ambaye hata sura yake hatuijui, akajibu: ni hii hapa. Tukaiangalia yote, ina maandishi ya Kiingereza chini, Kemi akinisaidia pale palipokwenda mbio.

Mama, ulikosea mengi! Yule uliyesema ni mjomba mwema ni mdai wao. Farasi si mzee, ni mgonjwa. Msichana anaitwa Sayo. Na pale baba anapokufa niliomba Kemi asimamishe, nikajipanga, nikasema haya endelea, nione walisema nini. Hawakusema kitu. Dakika nzima hakuna neno, ni theluji tu. Yale maneno uliyompa Jeska hayakuwemo. Yalikuwa ya kwako.

Mwisho wake ni huu. Anafika mjini, vyungu vimevunjika vyote isipokuwa kimoja. Mama mmoja mfinyanzi anakiangalia, anakigonga kwa ukucha, anamwambia akae ajifunze. Miaka inapita. Anarudi kijijini akiwa mtu mzima, anang'oa majani yaliyoota ndani ya tanuri la baba yake. Inaishia hapo, mikono yake ikiwa imejaa majani. Nadhani ungependa.

Jeska ni muuguzi Muleba sasa. Nilimpelekea habari hizi, tukaangalia pamoja kwenye chumba chake cha kupumzikia, bado amevaa sare. Mama, dawa zimepatikana. Yeye ndiye anayezitoa. Watu wanakuja kuchukua, wanarudi kwenye migomba yao, wanazeeka, wanagombana na wakwe. Kuna siku niliwaona kwenye foleni wanacheka, nikaenda nyuma ya jengo nikalia kwa hasira, kwa sababu kwako zilichelewa. Halafu nikarudi nikawasalimia. Kulikuwa na mama wa umri uliokuwa nao, amevaa viatu vipya.

Na la mwisho. Kemi na wenzake watatu wana kompyuta kuukuu kwenye chumba kimoja Kagondo, wanachora. Wamemaliza filamu yao ya kwanza, dakika sita, bibi na wajukuu wanakamata senene. Waliniomba niweke sauti. Nilikataa wiki mbili. Nilipokubali, nikakaa mbele ya kile kinasa sauti, nikajaribu kutoa ile sauti yako nzito, na ile ya farasi. Kemi akasimamisha. "Mama, mbona unaigiza mtu? Ongea tu."

Nikaongea tu. Mahali fulani Kihaya kiliniponyoka, wakasema kiache. Wameionyesha shule tatu. Watoto wanacheka pale ambapo sikutegemea.

Sasa wanaanza ya pili, na hiyo wameniomba mimi ndiyo niitunge. Nimeanza. Inahusu ile asubuhi ya vita ambayo shangazi hunisimulia, ndege zinapita juu ya Bukoba, na mwanamke amekimbilia chini ya migomba na mtoto wa miaka miwili mgongoni, anamwimbia polepole asilie. Kemi ameshachora migomba. Ameshachora mgongo wako. Uso bado, anasema anasubiri nimwelekeze, na mimi kila jioni namwelekeza kidogo: nyusi zilikutana hapa, shavu hili lilikuwa na kovu dogo la tetekuwanga.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitaimaliza. Na mwishoni, pale wanapopitisha majina ya waliofanya kazi, la kwanza litakuwa hili: Msimulizi, Mwalimu Damari wa Nshamba. Nimemwambia Kemi asiliharakishe. Liachwe pale mpaka mtoto anayejifunza kusoma aweze kulimaliza.

Wako,
Koku