Maua Uliyotuletea kutoka Embu

Mpendwa Baba,

Hadi leo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba najua kilichomuua Kairu, paka wetu. Nakuambia na wewe, ingawa barua hii haitapita posta, maana zinazokwenda kambini ulikofungwa husomwa na wengine kabla yako.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulitoka Embu, kwa yule Mzungu uliyekuwa ukimtunzia bustani, na mfuko wa koti lako ulikuwa unalia. Mama akasema, "Baba Karimi, umetuletea mdomo mwingine wa kulisha?" Ukamjibu, "Huyu atajilisha kwa panya wako." Safari iliyofuata mfuko ulikuwa na vitunguu vya yale maua meupe, marefu kama tarumbeta. Mama alicheka hata akafunika uso kwa leso.

Ulivipanda mbali, ng'ambo ya kijito, nami nikikushikia jembe. Nilipouliza kwa nini si mlangoni, uliniambia, "Mke wa yule Mzungu alizika paka wawili. Paka akilamba hata lile vumbi la manjano, amekwisha."

Sasa hatuna ng'ambo, Baba. Nyumba yetu ya Githongo ilichomwa na askari tukiitazama, tukaletwa katika kijiji hiki kilichozungushiwa handaki, nyumba zimebanana mlango kwa mlango. Mama alikimbia kuokoa vitunguu vile, akaacha sufuria. Alivipanda kwenye debe kando ya mlango, na kila asubuhi huzungumza na maua hayo kabla ya kupelekwa kuchimba handaki. Nilitaka kusema. Lakini nilimwona akiyashika majani kama anayeshika mkono wako, nikachukua vitabu nikaenda shuleni.

Yalipochanua, Kairu alirudi na kidevu cha manjano. Alitapika. Akanywa maji kama ndama, kisha akaacha hata kunywa. Nilimzika mwenyewe, na bado nikanyamaza.

Mama alisema ni Mama Kinya, jirani yetu, kwa kuwa mumewe ni homugadi, askari wa serikali hapa kijijini. Alisema mtoni, mbele ya wanawake wote: "Wamemchukua mume wangu, sasa wamemtilia sumu paka wangu." Mama Kinya ndiye hutuchotea maji siku Mama anapocheleweshwa kazini. Aliliweka debe lake chini. "Mimi, Mama Karimi? Nimuue paka wako ili panya wako wahamie kwangu?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jioni mumewe alisimama mlangoni petu na bunduki begani. "Nikisikia tena neno sumu, nalipeleka ofisini. Unajua siku hizi neno hilo linampeleka mtu alikopelekwa mumeo."

Tangu hapo sisomi kitu kikaingia kichwani. Wewe umechukuliwa. Mama naye akichukuliwa, nitabaki na nani?

Leo nilipotoka shule nilimkuta mtoto wa paka wa Mama Kinya amesimama juu ya debe letu, ananusa ua. Mama alikuwa anamtazama tu. Hata hakumfukuza.

Naogopa utakaporudi na kukuta mlango hauna maua. Huko uliko, jifunike vizuri usiku, na usituwazie vibaya.

Nilichofanya ni hiki. Nilimchukua yule paka, nikamkagua kidevu na makucha, hakuwa na manjano. Nikambeba hadi kwa Mama Kinya, nikamwita Mama aje. Nikasema, "Ni maua. Baba aliniambia zamani, nami nikanyamaza." Mama Kinya akasema, "Kumbe huyu wa vitabu ana sauti!" Mama akasema, "Nisamehe, Mama Kinya," akaingia ndani, akatoka na panga, akanipa mimi. Nikang'oa yote na kuyatupa handakini. Kitunguu kimoja Mama alikishika, hakutaka kukiachia. Nimekitia kwenye mkebe wenye kifuniko. Kinangoja tupate tena ng'ambo.

Ni mimi binti yako,
Karimi