Makala Niliyokataa Kumtafsiria Baba

Dada mpenzi,

Huku wote wazima. Mama amepaka jikoni rangi ya kijani, na tovuti ya Baba sasa ina wasomaji wengi kuliko gazeti lililomfukuza. Bado mimi ndiye ninayemtafsiria makala kwa Kiingereza; kuandika naweza, kuongea ndiko kunakonishinda.

Mwezi uliopita alimwandika binti wa waziri mmoja aliyebeba mimba bila ndoa. Wasomaji wakamjibu, "Na wa kwako je, mzee?" Wameshajua kuhusu mimba yako.

Leo kanipa makala mpya. Inakuhusu wewe, kwa jina na picha. Mama alimlilia, "Huyu ni damu yako!" Akajibu, "Nikimficha wangu, nitamwandika wa nani tena?" Lakini hakumtazama Mama usoni.

Hachapishi Kiswahili kabla Kiingereza hakijawa tayari. Ndiyo kanuni yake. Nimekwama kwenye aya ya kwanza tangu asubuhi. Sasa hivi amechungulia mlangoni: "Bado tu, profesa?" Nikamjibu, kwa mara ya kwanza maishani, "Hii sitafsiri, Baba."

Hajaondoka. Amekaa kitandani kwangu, anaitazama namba yako kwenye simu yake. Nakutumia hii upesi: simu yako ikilia, tafadhali pokea.

Mdogo wako,
Profesa